Mabawa mawili dhaifu: bakuli la pembe tatu linalotoka kwenye mchemraba

Swali la msomaji: "Fundi, shikamoo. Huu ni mwaka wa tatu nakereza mbao kwa kujifurahisha, na mabakuli ya kawaida sasa nayamudu. Nimeingiwa na hamu ya kujaribu bakuli la mapambo lenye pembe tatu, lile linalokerezwa kutoka kwenye mchemraba ulioshikwa kona kwa kona. Mimi nilitaka mabawa yake yainame chini kama ukingo wa kofia. Mchemraba wangu ni wa mm 80, mabawa niliyapunguza hadi mm 4. Nimefanya matatu. La kwanza lilivunjika bawa moja, la pili mawili, la tatu moja. Nimeteremsha mwendo hadi mizunguko 400 kwa dakika, bado. Kosa ni patasi, ni mbao, au ni mkono wangu? Nikilivuka hili nijaribu nini kingine? Na vipande vilivyovunjika ninavyo, je, naweza kuvigandisha?"

Marahaba, fundi mwenzangu. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kavichukue vile vipande uviweke mezani.

Kiangalie kimoja pale kilipoachia. Kama uso ni laini, una mng'ao kidogo, na kidole kinapita bila kukwama, mfano wa ubavu wa kuni iliyopasuliwa kwa shoka, basi bawa lako limepasuka. Lingekuwa limevunjika ungeona nyuzi zimekatika, zimebaki vijiti vijiti kama ufagio uliolika. Kupasuka ni nyuzi kuachana ubavu kwa ubavu, na kwa hilo mbao haina ukaidi wowote: mti ule ule unaobeba mzigo mkubwa ukivutwa kufuata nyuzi zake, ukivutwa kukingama nyuzi huachia kwa nguvu iliyo chini ya sehemu moja ya kumi.

Nabashiri vyako vimepasuka. Nabashiri pia, ingawa bakuli sijaliona, kwamba mabawa yote manne uliyoyapoteza yalitoka kwenye uso mmoja wa mchemraba, na kwamba katika kila bakuli kuna bawa moja ambalo halikuonyesha hata dalili ya kuchoka. Uchawi haupo hapo, ni jiometri tu. Mimi mwenyewe niliharibu michemraba saba, nikanunua patasi mpya katikati yake, ndipo nikakaa chini na penseli.

Chukua dadu. Ishike kati ya kidole gumba na cha shahada kwa kona mbili zinazotazamana, kona moja juu na nyingine chini, kisha uizungushe taratibu. Kona sita zilizobaki hazikai mstari mmoja. Tatu zinapita juu, tatu chini, kwa kupishana. Zile tatu za juu, upande utakaokuwa mdomo wa bakuli, ndizo mabawa yako. Tatu za chini zote zinaliwa unapochonga mgongo wa bakuli.

Sasa nyuzi. Katika mchemraba uliokatwa kwa kawaida, nyuzi zinakwenda sambamba na kingo nne, na nyuso mbili kati ya sita zinaonyesha vichwa vya nyuzi. Kila kona ya mchemraba, yoyote utakayoichagua iwe ya mdomo, inakutanisha nyuso tatu, na mmoja tu kati yake ni uso wa vichwa. Upake rangi uso huo kwenye dadu yako. Utaona kwamba kona mbili za mabawa ziko juu ya uso uliopakwa, na ya tatu iko nje yake. Mabawa hayo matatu ukiyatazama kwa macho yanafanana kama watoto mapacha, lakini kwa upande wa nyuzi hayafanani hata kidogo.

Linaloamua ni pembe iliyopo kati ya urefu wa bawa, yaani mstari wa kutoka shina kwenda ncha, na mwelekeo wa nyuzi. Patasi inapolisukuma, bawa hujikunja kama ubao ulioshikwa upande mmoja, na mvutano unafuata urefu wake. Nyuzi zikiufuata urefu huo, bawa ni gumu. Zikikingama, hapo hapo linapasuka. Nimezipiga hesabu hizo pembe, na nazitaja kwa digrii makusudi, maana nikisema nyuzi tutachanganyana.

Ukiinamisha mabawa digrii 25, kama ulivyofanya au karibu na hapo, lile bawa la nje ya uso wa vichwa linakuwa na nyuzi zinazopishana na urefu wake kwa digrii 10 tu. Unaweza kulitwanga mezani. Lakini yale mawili mengine nyuzi zake zinayakingama kwa digrii 83, yaani karibu pembe mraba kamili. Uliyafanya yawe dhaifu kadiri mbao inavyoweza kuwa dhaifu, ukayapunguza hadi mm 4, kisha ukaligonga kila moja na chuma mara mia nne kwa dakika. Sioni ajabu kwamba yalivunjika. Naona ajabu lile la kwanza na la tatu yalibaki na moja kati ya hayo mawili dhaifu.

Ukiyaacha mabawa yalale sawa, bila kuinama wala kuinuka, hali ni nafuu: digrii 35 kwa lile la nje, 66 kwa yale mawili. Ukiyainua digrii 35, mambo yanageuka. Mawili yanapata digrii 48, na lile la nje, shujaa wetu wa mwanzo, linapanda hadi 70 na sasa ndilo litakalopasuka. Katikati ya hayo kuna mahali pamoja ambapo mabawa yote matatu yanakuwa sawa, kila moja digrii 55 hivi. Ni pale bawa linapoinuka karibu digrii 20.

Huhitaji kipimo cha pembe kupapata. Ni mstari unaotoka kwenye kona ya mchemraba na kulenga moyo wa mchemraba wenyewe. Kwa mchemraba wako wa mm 80, urefu wa mhimili kutoka kona hadi kona ni mm 139 kasoro kidogo, kwa hiyo moyo uko mm 69 kutoka mwisho wowote. Kona ya bawa iko mm 65 kutoka mhimili, na iko mm 23 juu ya usawa wa moyo. Chora pembetatu ya vipimo hivyo kwenye kadibodi, 65 kwa 23, uikate, na hiyo ndiyo fomu yako ya kulinganishia mteremko. Bakuli la kwanza litakalosalimika lifanye hivyo. Ukilipata, ndipo uanze kuvunja kanuni ukijua unavunja nini.

Ukitaka vipimo vya mchemraba wowote: zidisha ubavu kwa 1.73 upate urefu wa mhimili, kwa 1.63 upate kipenyo cha duara linalopitiwa na ncha, na kwa 1.41 upate umbali kati ya ncha na ncha. Huo wa katikati ndio wa kuangalia kabla hujakata mbao, kwa sababu mchemraba wa mm 100 unaoonekana mdogo mkononi unapita kwenye duara la mm 163, na lazima egemeo la patasi lipate nafasi nje ya hapo.

Unene nao. Nguvu ya bawa inapanda kwa mraba wa unene, na ugumu wake wa kutokujikunja unapanda kwa kipeo cha tatu cha unene. Kutoka mm 4 hadi mm 6 unapata nguvu zaidi ya mara mbili, na ugumu zaidi ya mara tatu, kwa milimita mbili ambazo mtazamaji hatazigundua. Najua hamu ya wembamba inatoka wapi. James Prestini wa Marekani alikereza, kuanzia miaka ya 1930, mabakuli membamba kiasi kwamba watu waliyashika kwa woga, na tangu hapo kila mkereza anataka na yeye ashangaze. Lakini mabakuli yale yalikuwa ya duara. Ukingo wa duara ni pete, unajishika wenyewe pande zote. Bawa halina wa kulishika isipokuwa shina lake. Anza na mm 6 au 7, na pale bawa linapoungana na mwili acha mkunjo mpana, usiache kona kali kwa sababu mpasuko hupenda kuanzia hapo.

Sasa mwendo. Ulipoteremka hadi 400 ulijiongezea tabu. Ukisogeza patasi mm 2 kwa sekunde, kwa mizunguko 400 kila bawa linafika na mm 0.3 za kukatwa. Kwa mizunguko 1,000 linafika na 0.12. Kwa mwendo wa polepole kila pigo ni zito zaidi, na ncha ya patasi inapata muda wa kuzama kwenye pengo kabla bawa linalofuata halijafika. Mimi naanzia 500 nikiwa bado napunguza kona, na mashine ikishatulia napanda hadi 900 au 1,000. Ikitetemeka, narudi nyuma kidogo na kutafuta sababu, maana mchemraba ulioshikwa vizuri kona kwa kona uko sawia tangu mwanzo, na mtetemo unamaanisha ama umeushika vibaya ama si mchemraba.

Hilo la "si mchemraba" lina uzito kuliko linavyosikika. Ubavu mmoja ukizidi kwa milimita moja, bawa moja litatokeza, na jicho huliona mara moja kwenye umbo lenye ncha. Pima nyuso zote kwa guni. Kisha uzipige msasa nyuso zote sita kabla hujaushika mchemraba kwenye mashine. Nyuso hizo ndizo zitakazobaki kama kingo za mabawa, na baadaye kuzisafisha bila kuziviringa ncha ni kazi ya kuchosha. Mbao iwe kavu, isiwe na nyufa, na moyo wa gogo usiwemo. Mbao mbichi unaweza kuijaribu siku nyingine. Husinyaa kwa kufuata mzingo wa pete za mti karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea kitovu, kwa hiyo kila bawa litajikunja kivyake, na wakati mwingine linapendeza kuliko ulivyokusudia.

Kuushika: toboa tundu la mm 20 katikati ya kipande cha mbao ya taka kilichofungwa kwenye taya (kibanio kinachozungushwa na mashine) upande wa mota. Kona ya mchemraba inaingia humo, na kingo zake tatu zinakaa kwenye mdomo wa tundu zenyewe, bila kupimwa. Upande wa mkia, yaani mwisho wa pili wa mashine unaokandamiza mbao, tumia kikombe kinachozunguka, au tundu jingine kama hilo. Kaza mkia vya kutosha mbao isiteleze. Weka kona ya kitako upande wa mkia kwa sasa. Kama mbao ina kifundo au ufa mdogo, chagua kona ya mdomo ili doa liangukie kwenye piramidi ya juu ambayo yote itageuka maganda.

Zungusha kwa mkono mzunguko mmoja mzima kabla ya kuwasha. Kila mara, kila unaposogeza egemeo.

Unapowasha utaona vitu viwili: mwili wa mbao halisi katikati, na kuuzunguka kivuli cha rangi ya maji, ambacho ni kona zinazopita. Kivuli hicho ni mbao kama mwili, na ncha zake kwa mizunguko 1,000 zinakwenda karibu kilomita 25 kwa saa. Ngao ya uso si ya hiari hapa, na mwili wako usikae kwenye mstari wa mzunguko. Nyuma ya mashine mimi huweka ubao mweusi na taa ya pembeni. Kivuli kinachorwa vizuri kama wino, na ninaona unene wa mabawa yakiwa yanazunguka.

Kwanza tengeneza ulimi wa kushikwa na taya. Ulimi wa kipenyo cha mm 40 unapatikana ukifika mm 28 kutoka ncha ya kona. Kabla ya hapo mbao bado ni pembetatu yenye mapengo. Ulimi ufanye mpana na mfupi, mm 7 au 8, kwa sababu nyuzi zinaupitia mshazari na ulimi mrefu hukatika shingo. Kisha, bobari yako (patasi yenye mfereji) ikiwa imenolewa sasa hivi, chonga mgongo wa bakuli kuelekea mabawa. Egemeza patasi kwenye egemeo, si kwenye mbao. Ule mteremko ulionolewa nyuma ya makali uguse mbao kama unavyogusa shavu la mtoto aliyelala. Ukiukandamiza, patasi itazama kila pengo linapopita na kupigwa teke kila bawa linapofika, na hapo ndipo mkono unaanza kupata lawama zisizo zake zote.

Utajuaje uko wapi pasipo kusimamisha mashine kila dakika? Sikiliza. Mabawa matatu kwa mizunguko 900 ni mapigo 45 kwa sekunde. Patasi inapogusa yote sawasawa unasikia mvumo mmoja mzito, mtulivu. Bawa moja likiwa refu au nene kuliko wenzake, ndani ya mvumo huo unasikia kugongagonga, pigo moja kwa kila mzunguko. Na mvumo ukianza kugeuka mluzi, bawa limekuwa jembamba na linacheza mbele ya patasi. Mluzi ukianza, ondoa patasi. Mimi bakuli zangu nyingi nimeziokoa kwa sikio, ingawa rafiki zangu wanaokereza huku wamejaza muziki masikioni hawaniamini.

Mgongo ukikamilika, geuza. Ulimi sasa uko kwenye taya, kona ya mdomo iko upande wa mkia, na mkia uache umeegemea kadiri utakavyoweza. Hapa mpangilio ni mmoja tu na hauna njia ya mkato: maliza mabawa kabisa kabla hujagusa shimo la bakuli. Kazi ianze kwenye ncha na kuingia ndani, kwa hatua za mm 10 au 15, kila hatua ikifikishwa unene wake wa mwisho kabla ya inayofuata, ili nyuma ya sehemu unayoikata daima kuwe na mbao nzito ya kuituliza. Ukishaingia ndani usirudi tena nje kwenye ncha "kurekebisha kidogo tu". Hapo ndipo nilipopoteza wa saba.

Kuna milimita moja ya kuichunga kuliko zote. Ncha kali ya bawa ni ile kona yenyewe ya mchemraba, nukta moja tu. Uso wa juu wa bawa upite juu kidogo ya nukta hiyo, na uso wa chini upite chini yake, ili nukta ibaki ndani ya unene. Ukipitisha patasi chini yake kwa milimita moja, ncha inakatwa na kuwa butu lenye upana wa karibu mm 2.4 kwa bawa lililolala sawa, na zaidi kwa lililoinuliwa. Milimita mbili, butu la mm 5. Ukiiona ncha imeanza kuwa bapa, tayari umepita. Weka alama ya penseli kwenye kila kona kabla ya kuanza, na simamisha mashine mara mbili tatu uone alama bado zipo.

Ukingo wa bawa unaoachwa nyuma na patasi, yaani ule unaopita mwisho kwenye makali, ndio unaochanika. Tone la supaglu nyepesi kwenye kingo hizo tatu, likaushwe vizuri, linasaidia sana. Wengine wanagandisha vipande vya mbao ya taka kwenye mapengo ili kitu kizima kiwe duara, wanakereza kama bakuli la kawaida, kisha wanavibandua. Inafanya kazi. Mimi siipendi, kwa kuwa gundi inaingia kwenye vinyweleo vya kingo na mafuta hayashiki hapo, lakini kwa mtu anayeogopa mapengo ni njia ya halali.

Shimo la bakuli likija mwisho, huna wasiwasi tena. Kwa mabawa yaliyoinuliwa kama nilivyosema, pembeni, kati ya bawa na bawa, mbao inaishia kama mm 39 kutoka mhimili. Mdomo wa kipenyo cha mm 60 unaacha ukingo wa mm 9 mahali pembamba, na kina cha mm 35 kinabakiza sakafu ya kutosha. Msasa wa shimo unaweza kuupiga mashine ikizunguka polepole, msasa ukiwa umefungwa kwenye kijiti na vidole vikiwa mbali. Msasa wa mabawa unapigwa mashine imezimwa. Nalisema hilo nikiwa na kovu la kuonyesha. Tumia kibao kigumu nyuma ya karatasi, 120, 180, 240, 320, maana kidole kitupu kinaviringa kingo, na bakuli hili uzuri wake wote uko kwenye kingo. Vaa barakoa. Vumbi la mbao kama mvule linawasha pua na ngozi za watu wengi.

Umeuliza ujaribu nini kingine. Ukiwa na bakuli moja zima mkononi, rudi kwenye kofia yako. Umbo lile ni zuri na sitaki uliache kwa sababu ya nyuzi. Kuna njia mbili ninazozijua za kulipata salama. Ya kwanza ni kuinamisha kidogo tu, digrii 5 hadi 10, unene mm 7 kwenye shina, na kuyapunguza yale mawili dhaifu kwa msasa badala ya patasi katika milimita ya mwisho. Lile la tatu linavumilia lolote. Ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi: tumia nundu ya mti, ile inayovimba kwenye shina na ndani yake nyuzi zinazunguka kila upande. Nundu haina mwelekeo mmoja, kwa hiyo haina bawa dhaifu. Ina madoa, mashimo na ghadhabu zake, lakini mabawa matatu yanakuwa sawa mbele ya patasi. Kumbuka tu kwamba ukiinamisha, juu ya usawa wa kona mbao inapungua upesi, kwa hiyo mdomo wa bakuli utakuwa mdogo, kama mm 45.

Jaribio jingine ni kuukosea ukingo kwa makusudi. Panua shimo polepole kupita ile mm 39, na ukuta utatoboka sehemu tatu kwa pamoja, kati ya bawa na bawa. Yanakuwa madirisha matatu yenye kingo kali kama mwezi mchanga. Fanya hivyo mabawa yakiwa mazito, sababu ukishatoboa kila bawa linabaki limeshikwa na daraja jembamba. Na kama una michemraba ya taka, jaribu kuusogeza mhimili mm 3 kutoka kona upande mmoja tu. Bawa moja litarefuka, mashine italalamika kidogo, na bakuli litaonekana kama linageuka kukutazama. Sogeza zaidi ya hapo na halitakuwa bakuli tena, litakuwa panga la feni.

Kuhusu rangi nina neno moja: kingo za mabawa, zile zilizobaki kutoka nyuso za mchemraba, zipake wino mweusi kabla ya mafuta, na acha mengine yote mbao tupu. Funika uso kwa utepe wa karatasi, na piga mkono wa kwanza wa mafuta kwenye nyuso za juu na chini kabla ya wino ili wino usisambae kufuata nyuzi.

Na vile vipande ulivyoviweka mezani. Mpasuko laini unagandika vizuri kuliko mvunjiko wenye vijiti, kwa hiyo hapo bahati iko upande wako. Usipige msasa nyuso za mpasuko hata kidogo. Zijaribu kavu kwanza, zikutane mpaka mstari upotee, ndipo utie gundi nyeupe ya mbao kidogo na ufunge kwa utepe unaovutika, usiku mzima. Kisha msasa wa mkono, mashine imezimwa. Bakuli lililogandishwa bawa usilizungushe tena, hata kwa mizunguko 200, hata kama kitako hakijakaa sawa. Kitako kimalizie kwa patasi ya mkono, bakuli likiwa limelala kwenye kitambaa.